Nimeishtaki benki Mahakama ya Mwanzo kwa makato ya 450,000, nimepewa 228,000. Nikate rufaa au niache?

Mama Marobota

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye mkopo benki avute kiti.

Nauza mitumba pale Memorial, Moshi. Mashuka na mapazia. Juni mwaka juzi nilichukua mkopo wa 9,000,000, miezi 18. Benki siitaji. Desemba iliyopita nikalipa rejesho la mwisho, nikaenda tawini kudai barua ya kuonyesha sidaiwi tena. Nikaomba na steitimenti ya mkopo mzima, kwa sababu tu nilishakaa foleni saa nzima na nilitaka niondoke na kitu mkononi.

Hiyo steitimenti ndiyo iliyoniondolea usingizi. Tulikaa nayo mezani na kijana wangu, yeye anasoma, mimi nabonyeza kikokotoo. Bima ya mkopo imekatwa 117,000 Jumatatu, halafu 117,000 nyingine Alhamisi ya wiki ileile. Na kila mwezi, bila kukosa, kuna 18,500 iliyoandikwa kwa herufi tatu ambazo hata dada wa dirishani hakuzijua. Akaingia ndani kuuliza, akarudi na jibu: ni ada ya ufuatiliaji wa mkopo. Nikamuuliza, nani alinifuatilia? Miezi yote 18 sijaona mtu wa benki kwenye meza yangu, isipokuwa afisa mikopo mmoja aliyekuja kununua mapazia, na hayo mapazia nikampunguzia bei.

18,500 mara 18 ni 333,000. Weka na ile bima ya pili, 117,000. Jumla 450,000. Kwa benki hiyo ni hela ya chai. Kwangu ni robota zima.

Nikaandika barua nakala mbili, moja wakanigongea muhuri wa kupokea. Marehemu baba alikuwa stoo ya chama cha msingi cha kahawa, kwake hata gunia tupu halikutoka bila saini, kwa hiyo mambo ya nakala nimekua nayo. Jibu lilikuja baada ya mwezi na siku kadhaa, mistari minne: makato yote yamefanyika kwa mujibu wa mkataba. Mkataba wenyewe ni kurasa 11 za Kiingereza. Nilisaini, sikatai. Wangapi hapa mmesoma wa kwenu?

Nikaenda Mahakama ya Mwanzo. Sikuwa na wakili. Karani alinisikiliza, nikaandika madai yangu, nikalipa ada kwa simu kwa namba ya kumbukumbu, nikapewa namba ya shauri. Wito ukapelekwa. Tarehe ya kwanza benki haikuonekana. Ya pili alikuja kijana wa idara ya sheria, suti ya bluu, akaomba muda apate nyaraka kutoka makao makuu. Ya tatu akanivuta koridoni, mpole kabisa, akanionyesha karatasi: benki inanirudishia ile 117,000 ya bima, nami nasaini kwamba sina dai lingine lolote. Nikamjibu, "Mwanangu, hiyo bima mmeshakiri, tuingie ndani tukaongee hiyo nyingine."

Tarehe ya nne ndiyo tulisikilizwa. Hakimu alimuuliza swali moja ambalo nitalikumbuka hadi nizeeke: "Hii ada ni ya kazi gani?" Kijana akasema ni ya kufuatilia maendeleo ya mkopaji. "Kuna ripoti ya ufuatiliaji mliyoandika?" Akafungua begi, akafunga begi.

Lakini benki nayo ilikuwa na la kwake. Ukurasa wa saba wa mkataba unasema mkopaji atalipa pia ada nyingine kama zilivyo kwenye mwongozo wa ada wa benki "utakaokuwa unatumika". Akatoa mwongozo, na kweli ile ada imo. Hapo moyo ulishuka. Kijana wangu ndiye aliyeangalia chini ya karatasi: unaanza Januari. Mkopo wangu ni wa Juni kabla yake. Na mimi kwenye simu nilikuwa na picha ya mwongozo wa zamani, niliupiga ukutani siku nachukua mkopo, nikiwa kwenye foleni, nikitaka kuona wanakata ngapi kutoa pesa dirishani. Hiyo ada haikuwemo.

Hukumu: bima ya pili 117,000 irudishwe. Ada ya Julai hadi Desemba, miezi sita, 111,000, irudishwe, haikuwa na msingi wowote. Ada ya Januari kwenda mbele, miezi 12, 222,000, dai limekataliwa kwa sababu nilikubali kwenye mkataba kufuata mwongozo. Jumla nimepata 228,000 na gharama za kesi.

Leo ni siku ya 12 tangu hukumu. Hiyo 222,000 inaniwasha. Nikate rufaa?

Chumvi Nyingi

Siku tano za mahakamani, meza imefungwa, kwa laki mbili na ushee. Ungeuza mapazia ungepata zaidi. Pole lakini.

Mama Marobota

Meza haikufungwa, aliuza mdogo wangu. Na aliuza kuliko mimi, hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Karani Mstaafu

Mama, shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Nimekaa masijala za mahakama miaka mingi, naomba niseme machache kwa faida ya wanaosoma kimyakimya.

Wengi hawajui kwamba Mahakama ya Mwanzo inasikiliza deni linalotokana na mkataba hadi shilingi milioni 30. Zamani kiwango kilikuwa kidogo sana, kilipandishwa kwa marekebisho ya 2016. Neno la kushika hapo ni DENI. Huyu mama alidai pesa iliyokatwa, akaitaja kwa tarakimu, akaishia hapo. Nimeona watu wanaleta dai la laki tatu halafu wanaongeza "fidia ya usumbufu na maumivu ya moyo milioni 50". Hapo umejitoa mwenyewe kwenye mamlaka ya mahakama. Wakili wa upande wa pili anasimama na pingamizi moja, shauri linatupwa, na ile laki tatu yako ya haki inaondoka nalo.

La pili, tawi halishtakiwi. Tawi la Moshi, la Arusha, la Himo, hayo ni majengo. Anayeshtakiwa ni kampuni, kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye mkataba, na neno lake la mwisho, lile la Limited au PLC, usiliache.

La tatu, zamani wakili haruhusiwi kabisa Mahakama ya Mwanzo. Tangu 2021 anaruhusiwa pale ambapo anayesikiliza ni hakimu mkazi. Kwa hiyo msishangae benki ikija na suti.

Rufaa ni ndani ya siku 30, Mahakama ya Wilaya. Umebakiwa na siku 18. Kukata ni haki yako, ila ukumbuke na benki nayo inaweza kukata kwa ile 111,000.

Mama Marobota

Shikamoo mzee. Hilo la mwisho sikulifikiria.

Kaka wa Sakina

Mimi niko Arusha. Dada uliruka hatua. Kabla ya mahakama kuna Benki Kuu. BoT wana dawati la malalamiko ya wateja wa benki, na wana tawi hapa Arusha. Kuna kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za 2019, zinaitaka benki ikuambie ada zako kabla hujasaini na iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Utaratibu ni hivi: unalalamika benki kwa maandishi, wakikujibu ovyo au wakikaa kimya, unapeleka BoT ile barua yako yenye muhuri pamoja na jibu lao. Hulipi kitu.

Mimi nilifanya hivyo kwa akaunti ya kikundi chetu cha bodaboda iliyokuwa inakatwa ada ya akaunti ya kampuni wakati sisi ni kikundi. Sikufika hata mbali. Niliandika barua ya pili kwa meneja nikamwambia nakala inaenda Benki Kuu, wakanipigia simu wenyewe.

Angalizo: suala likishafika mahakamani, BoT hawaligusi. Ndiyo maana nasema anza huko. Ukianza mahakamani mlango ule umeufunga mwenyewe.

Mama Marobota

Kaka, ungeandika haya mwezi wa pili.

Dirisha Namba 4

Nimefanya kazi benki miaka tisa, sasa nafuga kuku Kahe. Nieleze yanavyotokea, maana watu wanadhani kuna mtu amekaa anapanga kumwibia mama wa mitumba.

Ile bima mara mbili naijua bila kuona karatasi. Mkopo uliingizwa kwenye mfumo Jumatatu, ukakutwa na kosa, labda tarehe ya rejesho au herufi ya jina. Wakaurudisha nyuma, wakauingiza upya Alhamisi. Mkopo wenyewe ukarudi, bima ya kwanza ikabaki imekatwa kwa sababu inarudishwa kwa hatua yake peke yake na aliyekuwa zamu hakuifanya. Hakuna anayeliona hilo mpaka mteja alione. Mteja haoni kwa sababu anaangalia salio tu.

Ile 18,500 ni kitu kingine. Hiyo imewekwa makao makuu, mfumo unaikata wenyewe, na afisa mikopo wa tawini anaweza kweli kuwa haijui. Nakumbuka mteja alikuja kwangu kuuliza kifupi kimoja kwenye steitimenti, nikapiga simu sehemu tatu. Wa tatu akaniambia nimwambie mteja "ni ya kawaida".

Jambo moja dada hujaligusa. Kwenye ada za benki kuna kodi ndani yake, ushuru wa bidhaa asilimia 10 na VAT asilimia 18. Angalia steitimenti yako kama 18,500 ni jumla au kuna vimistari vidogo chini yake. Watu wanadai ada wanasahau kodi iliyokatwa juu ya ada hiyohiyo.

Mama Marobota

Nimeangalia sasa hivi kwa tochi, umeme umekatika huku Pasua. 18,500 ni jumla, kodi imo ndani. Asante, ningekufa bila kujua.

Chumvi Nyingi

Kwa hiyo serikali nayo imekula kwenye pesa ambayo mahakama imesema haikuwa na msingi. Nani anairudisha?

Dirisha Namba 4

Benki inairudisha yote kwa mteja, halafu yenyewe ikahangaike na TRA kwenye hesabu zake. Mteja hahusiki.

Mpakani Namanga

Jirani zetu upande wa pili wa barabara wana mahakama ya madai madogo kabisa, yenye jina hilo. Sheria yao ni ya 2016, ikaanza kufanya kazi 2021 Nairobi. Kikomo ni shilingi milioni moja ya Kenya, na sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60. Unajisimamia mwenyewe, hawakubani na sheria za ushahidi kama mahakama kubwa, na rufaa ni kwenye hoja za kisheria tu. Mimi nafanya biashara ya nafaka kote kuwili, nimeshawahi kumdai mtu kule. Nilipata hukumu haraka. Kuipata pesa yenyewe ilikuwa safari nyingine.

Karani Mstaafu

Hilo la mwisho ni kweli kila mahali. Kwetu mdaiwa asipolipa unarudi kuomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa. Ila benki mara nyingi hulipa, haipendi dalali aonekane mlangoni akihesabu viti.

Machame Ughaibuni

Niliishi Leicester, Uingereza, kuanzia 2004. Hili la makato ya benki lilikuwa wimbo kule. Akaunti ikienda chini ya sifuri hata kwa pauni mbili, benki inakukata pauni 30 na zaidi, na kesho yake tena. Mimi mwenyewe niliwahi kukatwa kwa sababu ya mkate. Kufikia 2006 na 2007 watu wakaanza kuandika barua na kufungua kesi za madai madogo, kikomo wakati huo kilikuwa pauni 5,000, siku hizi ni 10,000. Benki zilikuwa zinalipa siku chache kabla ya kesi kusikilizwa, maana hazikutaka hakimu aandike kitu. Mwenzangu wa Marangu alirudishiwa pauni mia nne na kitu, tukanywa soda.

Halafu 2007 mamlaka ya kulinda walaji ikafungua shauri moja la mfano dhidi ya benki kubwa, kesi nyingine zote zikasimamishwa zikingoja. Mahakama Kuu ikawapa ushindi walaji, Mahakama ya Rufani ikawapa. Novemba 2009 Mahakama ya Juu ikageuza. Haikusema makato ni ya haki. Ilisema ada hizo ni sehemu ya bei ya huduma, na kwa kanuni walizokuwa wanazitumia, bei iliyoandikwa kwa lugha ya kueleweka huwezi kuipima kama ni kubwa mno. Waliodai mapema walikula, waliongoja shauri kubwa wakabaki na mafaili.

Nimelileta hili kwa sababu ya ile 222,000 ya Mama Marobota. Dai la "hii ada ni kubwa" au "hii ada haina kazi" ni gumu, hata Ulaya liliwashinda. Dai la "hii ada haikuwemo kwenye karatasi" ndilo lililokupa pesa. Kwa hiyo kwenye rufaa utasema nini? Kwamba iliandikwa, ila hukuipenda?

Mama Marobota

Nitasema sikuarifiwa. Mwongozo ukibadilika si wanapaswa kuniambia? Mkopo nilishachukua, bei ya safari imebadilika tukiwa Same, tena basi liko kwenye mwendo.

Karani Mstaafu

Hiyo ndiyo hoja, na ni hoja nzuri. Je, uliarifiwa ada mpya kabla haijaanza kukatwa? Na je, mahakama ya chini ilijibu swali hilo? Kama ulilisema na hakimu hakuligusa, una cha kwenda nacho Wilaya. Kama hukulisema kabisa, utapata shida, rufaa si mahali pa kuanza kesi mpya.

Mama Marobota

Nililisema. Iko kwenye mwenendo wa shauri, nimeshaomba nakala.

Dirisha Namba 4

Dada, kabla hujalipia rufaa, nenda kwenye simu yako tafuta meseji za benki za mwezi wa 12 mwaka juzi. Zote. Hata zile unazofuta bila kusoma.

Mama Marobota

Kwa nini?

Dirisha Namba 4

Tafuta tu.

Kaka wa Sakina

Hapa naona mtu anakaribia kulia.

Mama Marobota

Nimeikuta. Tarehe 3 Desemba. Iko katikati ya meseji ya bando na ile ya "umeshinda milioni 10 piga namba hii". Inasema: Ndugu mteja, mwongozo mpya wa ada utaanza kutumika Januari, tembelea tawi lako au tovuti yetu. Basi. Haitaji ada yenyewe, haisemi ni shilingi ngapi, lakini imo. Kijana wa suti ya bluu hakuileta mahakamani, sijui kama anajua ipo.

Chumvi Nyingi

Kama hakuileta, wewe unaogopa nini? Ifute, kata rufaa.

Karani Mstaafu

Usimsikilize. Benki ina kumbukumbu ya kila meseji iliyotumwa na saa yake. Na wewe ukisimama mbele ya hakimu wa Wilaya ukasema hukuarifiwa huku unajua uliarifiwa, huo ni uongo mbele ya mahakama. Wakiitoa, hata ile 111,000 uliyoshinda kwa haki utaanza kutazamwa kwa jicho jingine.

Ungeweza kubishana kwamba meseji isiyotaja ada si taarifa ya kutosha. Ni hoja ya kweli, na mimi ningependa kuona mahakama inaijibu. Ila hiyo inataka wakili, na wakili kwa 222,000 sijui atakubali kwa lipi. Nenda kwa wasaidizi wa kisheria, wapo kwa mujibu wa sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, hawalipishi. Uwaonyeshe meseji hiyo uone watasemaje.

Machame Ughaibuni

Mangi karani kamaliza.

Mama Marobota

Sikulala vizuri, lakini nimeamua. Sikati rufaa. Si kwa kuogopa. Nimekaa na ile meseji nikajiuliza, ningekuwa mimi ndiye niliyemtumia mteja wangu ujumbe kwamba bei ya mapazia inapanda Januari, akaja Machi akasema hajui, ningemjibu nini? Ningemjibu vibaya sana.

Lakini barua ya BoT naandika, kuhusu meseji isiyotaja ada. Si kwa ajili ya pesa yangu.

Kaka wa Sakina

Kumbuka nilichosema, suala lililoshaamuliwa mahakamani hawalifungui. Iandike kama maoni ya jumla, usiombe pesa humo.

Mama Marobota

Sawa kaka.

(Wiki tatu baadaye.) Wakuu, benki imelipa. 228,000 na gharama, yote. Kijana wa suti ya bluu alinipigia mwenyewe kunijulisha, akaniuliza kama nina mapazia ya sebule ya dirisha pana.

Dada wa Kiboroloni

Nasoma huu uzi tangu siku ya kwanza, sikuwa na cha kuchangia. Mimi nina kibanda cha viatu Kiboroloni, mkopo wa 4,000,000, benki sijui kama ni yako ila herufi tatu ni zilezile. Jana nilienda na steitimenti. Mkopo wangu ni wa Septemba mwaka juzi, kwa hiyo kuna miezi mitatu ya kabla ya Januari. Nikaandika barua nakala mbili kama ulivyosema. Meneja akaisoma hapohapo nimesimama, akaniuliza, "Wewe unamfahamu yule mama wa Memorial?" Nikasema namfahamu vizuri sana, samahani nimedanganya. Ameniambia nirudi Ijumaa.

Shida ni moja. Mwongozo wa zamani sina picha yake. Nifanyeje?

Mama Marobota

Nitumie ujumbe wa faragha nikupe yangu, tarehe inaonekana pembeni. Na Ijumaa ukiwa kwenye foleni, piga na ule uliopo ukutani sasa, kabla hawajabandika mwingine.